Tovuti haipati wageni kutoka Google: jua ilipokwama kabla hujaigusa

"Tovuti yangu haipandi Google." Utaisikia kauli hiyo kwa mtu ambaye kurasa zake hazimo kabisa kwenye faharasa ya Google (hazina ya kurasa ambamo Google huchota matokeo yake), kwa mwingine ambaye zake zimeganda nafasi ya kumi na nne tangu mwaka jana, na kwa wa tatu ambaye yuko nafasi ya pili lakini hakuna anayembofya. Lalamiko ni moja, matatizo ni matatu. Ajabu ni kwamba wote hukimbilia tiba ileile: kuandika makala nyingine kumi. Kwa yule wa kwanza, hizo kumi nazo hazitaonekana. Kwa wa tatu, shida haikuwa uchache wa makala.

Ukurasa hupita hatua nne kabla ya kukuletea mgeni. Kwanza, roboti ya mtambo wa kutafuta iufikie na iweze kuusoma. Pili, ukubaliwe kuingia kwenye faharasa. Tatu, uchaguliwe kuonyeshwa mtu anapotafuta jambo fulani. Nne, mtu huyo aubofye. Kazi kubwa ya utatuzi ni kujua ukurasa umekwama hatua ipi. Ukishalijua hilo, marekebisho yenyewe mara nyingi ni madogo.

Chombo cha kujulia ni Search Console ya Google, nacho ni cha bure. Thibitisha umiliki kwa kuweka rekodi kwenye DNS (mfumo unaounganisha majina ya tovuti na seva zake) ya kikoa chako, yaani jina la tovuti yako. Njia hiyo hukusanya pamoja anwani za http na https, zenye www na zisizo nayo. Takwimu zake hukaa miezi 16, na huanza kukusanywa pale tovuti inaposajiliwa, kwa hiyo isajili hata kama leo mambo ni shwari. Bing nao wana chao, Bing Webmaster Tools. Zile alama za "nguvu ya kikoa" zinazouzwa na kampuni za SEO (kazi ya kuzipandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji) ni makadirio ya kampuni hizo zenyewe, Google haizitumii. Usizichukulie kama kipimo cha lolote utakalosoma hapa chini.

Haionekani hata ukitafuta jina lake

Wengi hupima kwa kuandika site: ikifuatiwa na kikoa chao kwenye kisanduku cha kutafutia. Hilo hutoa picha ya haraka tu, na orodha yake haikusudiwi kuwa kamili. Jibu la uhakika lipo kwenye kikaguzi cha anwani ndani ya Search Console: bandika anwani ya ukurasa mmoja, nacho kitakwambia kama umo kwenye faharasa, na kama haumo, kwa nini.

Mshukiwa wa kwanza ni agizo la noindex, linaloiambia mitambo ya kutafuta isiuingize ukurasa kwenye faharasa. Kwenye WordPress, ndani ya mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kinachoiomba mitambo ya kutafuta isiorodheshe tovuti. Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi, tovuti inazinduliwa, kisanduku kinasahaulika. Agizo hilohilo linaweza pia kutumwa na seva kwenye vichwa vya HTTP kwa jina la X-Robots-Tag, na hapo hata ukifungua msimbo wa ukurasa na kuusoma mstari kwa mstari hutaliona. Kikaguzi cha anwani huliona.

Mshukiwa wa pili ni faili la robots.txt lenye mstari wa "Disallow: /", unaoizuia roboti kupita popote, nalo mara nyingi limehama na tovuti kutoka kwenye seva ya majaribio. Faili hili linaeleweka vibaya kuliko yote. Tangu mhandisi wa programu Martijn Koster alipolipendekeza mwaka 1994, hadi lilipoandikwa kuwa kiwango rasmi cha RFC 9309 mwaka 2022, kazi yake ni kuiambia roboti ipite wapi na isipite wapi. Halisemi lolote kuhusu kuorodheshwa. Ukurasa uliozuiwa humo bado unaweza kutokea kwenye matokeo, ukiwa na anwani tupu bila maelezo, ikiwa tovuti nyingine zimeuwekea viungo. Na mtego mkubwa uko hapa: ukiweka noindex kwenye ukurasa halafu ukauzuia kwenye robots.txt, roboti haitaingia kulisoma lile agizo la noindex. Anayetaka ukurasa utoke kwenye faharasa anapaswa kuuacha wazi usomwe.

Faili hilo lisipokuwepo kabisa, seva ikijibu 404 (yaani hakipo kilichoombwa), hakuna ubaya. Google huchukulia kwamba kila mahali paruhusiwa. Seva ikijibu kwa hitilafu yake, zile namba zinazoanzia 500, mambo hubadilika: Google husita kupita kwenye tovuti nzima mpaka ipate jibu linaloeleweka. Tovuti inaweza kufunguka vizuri kwako huku robots.txt pekee ikirudisha hitilafu, na wewe usijue kwa sababu hakuna binadamu anayefungua faili hilo.

Halafu kuna mifumo ya ulinzi. Seva nyingi zimewekewa kinga dhidi ya roboti waharibifu, na kinga hiyo wakati mwingine humtimua Googlebot, roboti ya Google, pamoja na wezi. Wewe kwenye kivinjari unaona tovuti nzima, lakini jaribio la moja kwa moja la kikaguzi linarudisha 403, yaani kukataliwa kuingia. Usitibu hilo kwa kumruhusu kila anayejiita Googlebot, maana jina hilo huigwa sana; thibitisha kwa kutafuta jina la DNS la anwani yake ya IP, ambalo kwa Googlebot huishia na googlebot.com, kisha hakikisha jina hilo linarudi kwenye IP ileile.

Tovuti zilizojengwa kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, zina jambo lao. Google huendesha JavaScript, na tangu 2019 hutumia toleo la Chromium (msingi wa kivinjari cha Chrome) linalosasishwa mara kwa mara, kwa hiyo ule uvumi kwamba haiwezi kabisa umepitwa na wakati. Kinachovunja ni viungo visivyo viungo: kitufe kinachompeleka mtu ukurasa mwingine kwa amri ya onclick, bila lebo ya a yenye href, ambayo ndiyo msimbo wa kiungo halisi. Binadamu anabofya na kufika. Roboti haibofyi vitufe.

Yote haya yakiwa sawa na kikoa chako kina siku chache tu, subiri.

Google inazijua kurasa, lakini haziingii kwenye faharasa

Ripoti ya kuorodheshwa kwa kurasa hutenganisha makundi mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kurasa ambazo Google imezigundua ila bado haijazipitia. La pili ni zile ilizozipitia, ikazisoma, kisha ikaziacha nje. Kundi la kwanza ni suala la njia na nafasi. La pili ni suala la hukumu.

Kurasa zikirundikana kundi la kwanza, angalia kama seva inajibu polepole au inaangusha maombi, kama kurasa hizo zina kiungo chochote cha ndani, na kama tovuti inazalisha anwani bila kikomo. Vichujio vya rangi, ukubwa na bei kwenye orodha ya bidhaa vinaweza kugeuza kurasa mia tano kuwa maelfu ya anwani zenye kitu kilekile, nayo roboti ikapoteza muda humo. Usibabaishwe lakini na mazungumzo ya "bajeti ya kutambaa" (kiasi cha kurasa ambacho roboti iko tayari kupitia) kama tovuti yako ni ndogo. Mwongozo wa Google wenyewe unalielekeza suala hilo kwa tovuti zenye kurasa milioni moja na kuendelea, au zenye kurasa 10,000 na zaidi zinazobadilika kila siku. Mwenye kurasa mia nne anayehangaikia bajeti hiyo anakwepa swali gumu zaidi.

Swali lenyewe liko kwenye kundi la pili. Google imekuja, imesoma, haikuona haja. Hapo kubonyeza kitufe cha kuomba kuorodheshwa kila asubuhi hakubadilishi kitu, kwa sababu ukurasa ni uleule uliokataliwa jana. Fungua hizo kurasa ishirini au thelathini zilizoachwa, uzisome kama mgeni. Kwa kawaida utakuta kurasa za lebo zenye makala moja moja, maelezo ya bidhaa yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mtengenezaji, na ile desturi mbaya ya kurudia ukurasa mmoja mara arobaini kwa kubadilisha jina la mji tu. Nazo kurasa zisizo na kitu zinazojibu 200 (yaani ukurasa upo) badala ya 404, kama "hakuna matokeo yaliyopatikana", Google huzihesabu kuwa 404 za uongo.

Tiba hapa ni kupunguza. Unganisha makala tatu zinazogusa jambo moja ziwe moja nzuri, kisha elekeza upya anwani mbili zilizobaki kwenda kwa hiyo moja. Futa zisizomsaidia mtu. Zinazohitajika kwa wateja wako lakini hazina maana kwenye matokeo ya utafutaji, ziwekee noindex kwa hiari yako. Si lazima kila ukurasa ulio nao uorodheshwe, na tovuti nyingi hupumua zikishaondolewa uzito huo.

Kuna pia kurasa zinazoachwa kwa kuwa Google imechagua nakala nyingine kuwa ndiyo kuu. Lebo ya canonical, iliyoanza mwaka 2009, hueleza anwani unayoipendelea, lakini Google huichukua kama pendekezo. Inapokupuuza, mara nyingi umejipinga mwenyewe: lebo inataja anwani moja, ramani ya tovuti (faili linaloorodhesha anwani zako kwa ajili ya roboti) inataja nyingine, viungo vya menyu vinaelekea ya tatu yenye mkwaju (/) mwishoni. Fanya zote zitaje anwani moja.

Kuhusu ramani ya tovuti yenyewe: faili moja hubeba anwani zisizozidi 50,000 na lisizidi MB 50 kabla ya kubanwa. Zile sehemu za priority (umuhimu wa ukurasa) na changefreq (mara unavyobadilika) Google haizisomi, kwa hiyo usipoteze jioni yako kuzipanga. Tarehe ya lastmod, ya badiliko la mwisho, huisoma ikiwa ni ya kweli. Programu-jalizi inayobadilisha tarehe ya kila ukurasa kila usiku inaifundisha Google kutokuziamini tarehe zako.

Wageni wameporomoka ghafla

Hapa ndipo hofu huharibu zaidi kuliko tatizo. Kabla ya kugusa chochote, thibitisha kwamba anguko lipo kweli. Linganisha takwimu za Google Analytics na mibofyo ya Search Console kwa siku zilezile. Analytics ikianguka huku Search Console imetulia, wageni wapo; kilichopotea ni msimbo wa kuwahesabu. Huondoka na mabadiliko ya muundo wa tovuti, au huzuiwa na kidirisha kipya cha ridhaa ya vidakuzi. Upande wa pili, ukiona mara za kuonekana zimeshuka mnamo Septemba 2025 lakini mibofyo haikushuka nazo, usihuzunike. Mwezi huo Google iliacha kukubali kigezo kilichoruhusu kuvuta matokeo 100 kwa mkupuo, na inaelekea programu nyingi za kufuatilia nafasi, ambazo zilikuwa zikihesabiwa kama watazamaji, zilitoweka kwenye grafu.

Likiwa la kweli, tazama umbo lake. Mstari ulioanguka wima ndani ya siku moja mbili humaanisha kitu kimevunjika, kimeondolewa au kimevamiwa. Mteremko wa wiki nyingi una visababishi vingine, navyo nitavifikia.

Kisha kata takwimu vipande vipande. Jumla ya tovuti nzima huficha zaidi ya inavyofichua.

Zimeanguka kurasa zote siku ileile: uliza nini kilipakiwa siku hiyo au usiku wake. Rudi kwenye noindex, robots.txt na mfumo wa ulinzi. Ongeza cheti cha https kilichokwisha muda na DNS iliyoguswa.

Limeanguka folda moja tu, mathalani kurasa zote za bidhaa: kiolezo cha kurasa hizo kimebadilishwa. Linganisha nakala ya zamani na ya sasa. Utakuta kichwa cha ukurasa kimekuwa kilekile kila mahali, au maandishi yamehamia sehemu inayopakiwa tu mtu akibonyeza.

Umetoweka ukurasa mmoja: kabla ya nadharia kubwa, fungua zana ya uondoaji ndani ya Search Console. Mwenzako akiitumia, ukurasa hufichwa kwa takriban miezi sita, na hakuna atakayekumbuka.

Imeanguka simu, kompyuta iko palepale: toleo la simu lina kasoro, lakini usilichukulie kama suala la simu pekee. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kusoma toleo la simu kwanza, na mwaka 2023 ikatangaza uhamisho umekamilika. Kilichoondolewa kwenye toleo la simu ili "kurahisisha" hakihesabiki hata kwa anayetafuta kwa kompyuta.

Yameanguka maneno yenye jina la chapa yako tu: watu wamepunguza kukutafuta. Labda tangazo limekwisha, labda umaarufu umepungua. Hilo halitibiki ndani ya tovuti.

Mmehama, kikoa au mfumo, ndani ya wiki chache zilizopita: karibu niseme acha kutafuta sababu nyingine. Kila anwani ya zamani inatakiwa ielekezwe kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenda kwa ukurasa unaolingana nayo, mmoja kwa mmoja. Watu huchoka, wakaelekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo, na Google huzihesabu kama 404 za uongo. Sifa iliyojengwa miaka inaishia hapo. Epuka pia misururu, ambapo ya kwanza inaelekea ya pili, nayo kwa ya tatu. Googlebot hufuata hatua hadi kumi, ila kila hatua ni nafasi ya kitu kukatika. Uelekezaji huo udumu angalau mwaka mmoja. Mimi ningeuacha daima, maana haugharimu kitu. Kama hamkutunza orodha ya anwani za zamani, ikusanyeni upya kutoka ramani ya tovuti ya awali, kumbukumbu za seva na Search Console yenyewe.

Umeona maneno ya ajabu kwenye ripoti, ya kamari au dawa ambazo huuzi: tovuti imevamiwa. Wavamizi hodari huonyesha kurasa zao kwa roboti tu, ndiyo maana wewe ukifungua unaona kila kitu safi. Tumia jaribio la moja kwa moja la kikaguzi ili uone kile Google inachokiona, na usome ripoti ya usalama.

Yote hayo yakiwa hayapo, tazama kalenda. Google huchapisha kwenye ukurasa wake wa hali ya huduma ya utafutaji tarehe ambazo sasisho kuu la mfumo wake wa kupanga matokeo limeanza na kumalizika. Anguko lako likilingana na tarehe hizo, usibadilishe kitu sasisho likiwa bado linasambazwa, kwani nafasi huyumba sana kipindi hicho. Ushauri wa Google ni kusubiri angalau wiki nzima baada ya kukamilika, ndipo ulinganishe na wiki iliyotangulia sasisho. Aliyetoka nafasi ya 2 kwenda ya 4 hana sababu ya kubomoa nyumba. Aliyetoka ya 4 kwenda ya 29 ana kazi, nayo si kazi ya lebo wala vichwa. Tangu sasisho lililoitwa Panda la mwaka 2011, mifumo hii imekuwa ikilenga jambo moja: maudhui mepesi yaliyoandikwa kwa ajili ya mtambo. Mfumo wa maudhui yenye manufaa uliokuja Agosti 2022 uliunganishwa na mfumo mkuu Machi 2024, na mwezi huohuo sera za spamu zikataja wazi uzalishaji wa kurasa kwa wingi, uwe umefanywa na mashine au na watu. Ukiwa na kurasa za namna hiyo, unazijua.

"Nadhani tumeadhibiwa"

Ni kauli inayotolewa haraka mno. Adhabu inayotolewa na mkaguzi wa Google ina ukurasa wake ndani ya Search Console. Ukurasa huo ukiwa mtupu, hujaadhibiwa. Umepitwa au umeshushwa na mfumo, na hakuna barua ya rufaa ya kumwandikia mtu yeyote. Ukiwa na kitu, soma kosa lililotajwa, lirekebishe lote, si kwenye kurasa za mfano tu, kisha omba kuangaliwa upya ukieleza ulichofanya.

Hofu nyingine ni ya "viungo vyenye sumu". Programu fulani zitakuonyesha orodha nyekundu ya tovuti zilizokuwekea viungo, na kukushauri uzikane, yaani uiombe Google isivihesabu viungo hivyo. Zana ya kukana viungo ipo tangu 2012, lakini tangu Penguin, mfumo wa Google wa kukabili viungo vya ujanja, ilipoingizwa kwenye mfumo mkuu mwaka 2016, viungo vibovu kwa kawaida hupuuzwa tu. Itumie kama ulinunua viungo mwenyewe na umeadhibiwa au unaona adhabu inakuja. Vinginevyo unaweza kukana hata vile vilivyokuwa vinakubeba.

Mteremko wa polepole

Linganisha na mwezi uleule wa mwaka uliopita kabla ya kulinganisha na mwezi uliopita. Miezi 16 ya takwimu inatosha kwa hilo. Mada nyingi zina msimu, na msimu huonekana kama ugonjwa kwa anayetazama siku 90 tu.

Kama si msimu, chukua kurasa tano zilizopoteza zaidi, andika maneno yake makuu kwenye Google, usome waliokupita. Mara nyingi utaona kwamba nia ya watafutaji imehama. Neno lililokuwa likileta makala za maelezo sasa linaleta kurasa za bidhaa, au vikokotoo, au video. Kuongeza aya tatu kwenye makala hakutashinda kikokotoo. Na kubadilisha tarehe ya juu bila kubadilisha maandishi ya chini hakumhadai yeyote.

Angalia pia kama kurasa zako zenyewe zinagombania neno moja. Katika ripoti, chuja kwa neno hilo, kisha fungua kichupo cha kurasa. Ukiona anwani mbili zinapokezana wiki hadi wiki, chagua moja uimarishe, nyingine uiunganishe nayo.

Imeganda kati ya nafasi ya 8 na 20

Nafasi ya wastani ni takwimu ya kuchezewa. Ukurasa ulio wa 3 kwa neno moja na wa 60 kwa mengine kumi unaweza kuonekana wa hamsini na kitu. Chuja neno moja kwa ukurasa mmoja, ndipo namba iseme.

Ukipata kurasa zilizo kwenye ukanda huu kwa maneno yenye watafutaji, una bahati: Google tayari inakubali kwamba zinahusika. Kwanza, tazama kichwa cha ukurasa kwenye lebo ya title. Je, kinataja jambo ambalo mtu analiandika, kwa maneno anayoyatumia yeye? Kurasa nyingi zina vichwa vya lugha ya ofisini ambavyo hakuna binadamu anayevitafuta. Pili, jibu liko wapi? Likiwa chini ya aya nne za utangulizi, lipandishe. Tatu, una kitu ambacho wengine tisa hawana: kipimo ulichofanya, picha yako, bei halisi, kosa ambalo mtu wa kazi hiyo tu ndiye angelijua? Bila hicho, wewe ni nakala ya kumi.

Nne ni viungo vya ndani, na kwangu hii ndiyo silaha inayodharauliwa kuliko zote. Waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walipoandika mwaka 1998 kuhusu PageRank, njia yao ya kupima umuhimu wa ukurasa, wazo lilikuwa kwamba kiungo ni aina ya kura. Viungo vya watu wengine huvitawali. Vyako unavitawala vyote. Tafuta kurasa zako zinazotembelewa zaidi, na pale zinapogusa mada ya ukurasa uliokwama, weka kiungo chenye maneno yanayoeleza kinakoelekea, badala ya "bofya hapa". Utashangaa ni kurasa muhimu ngapi zinafikiwa kwa menyu ya chini kabisa tu.

Kununua viungo ni njia fupi ya kwenda kwenye ule ukurasa wa adhabu. Kiungo cha kulipiwa ni halali kikitiwa alama ya sponsored, iliyoanza 2019, au nofollow ya tangu 2005. Lebo ya meta keywords achana nayo: Google ilisema mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Urefu wa makala nao si kigezo.

Iko juu, hawabofyi

Tafuta neno hilo mwenyewe kwenye simu, uone kilicho juu yako. Yaweza kuwa matangazo, ramani, video, au muhtasari wa akili mnemba, ambao Google iliuzindua Marekani Mei 2024 na kuusambaza nchi nyingine. "Nafasi ya 1" chini ya vyote hivyo inaweza kuwa nje ya kioo cha kwanza. Neno ambalo jibu lake ni namba au tarehe moja litajibiwa palepale. Acha kulihesabu kama chanzo cha wageni, elekeza nguvu kwa maswali yanayohitaji kulinganisha, kuona au kufanya.

Kama juu hakuna kitu na bado hawabofyi, soma kichwa na maelezo yako yalivyoonyeshwa. Google huandika upya vichwa inavyoviona virefu mno, vya kujirudia au visivyolingana na ukurasa. Na kama mibofyo ilipungua Agosti 2023 kwenye kurasa zilizokuwa zikionyesha maswali na majibu chini ya kiungo, jua kwamba mwezi huo Google ilibakiza onyesho hilo kwa tovuti za serikali na za afya zenye mamlaka. Hakuna cha kurekebisha.

Je, ni kasi?

Mara chache kasi peke yake. Vipimo vya Google ni vitatu: kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200 (kipimo hiki, INP, kilichukua nafasi ya FID, kilichopima mguso wa kwanza tu, Machi 2024), na alama ya kuyumba kwa mpangilio isizidi 0.1. Vinahesabiwa kwa ziara za watu halisi katika siku 28, na robo tatu ya ziara zinapaswa kufaulu. Alama 100 ya jaribio la maabara haiko kwenye hesabu hiyo. Kosa la kawaida ni picha kuu ya juu kuwekewa upakiaji wa kuchelewesha. Iondolee hiyo kwanza.

Umerekebisha, hakuna kilichobadilika

Kila marekebisho yana saa yake. Noindex iliyoondolewa kwenye kurasa muhimu huonekana ndani ya siku chache, hasa ukiomba kuorodheshwa. Takwimu za kasi zinahitaji zile siku 28 zipite. Ombi la kuangaliwa upya baada ya adhabu huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Uhamisho wa kikoa uliofanywa vizuri bado huyumba wiki kadhaa. Tovuti iliyoshushwa na sasisho kuu inaweza kungoja miezi, na wakati mwingine hairudi kwa ukamilifu mpaka sasisho jingine lipite.

Andika tarehe ya kila unachobadilisha na kurasa ulizozigusa, na usibadilishe vitu vitano kwa wiki moja kwenye ukurasa mmoja. Inapowezekana, rekebisha nusu ya kurasa zinazofanana, nusu uziache, ulinganishe makundi hayo mawili baada ya wiki nne. Makundi yote mawili yakipanda sawasawa, kilichoyapandisha hakikuwa wewe.